Ufunguo wa Chumba cha Seva

Hapo zamani, si ile ya wanyama kusema, ni hii ya juzijuzi ya mashine kusema, palikuwa na hospitali iliyotunza siri za wagonjwa ndani ya seva, kompyuta kuu ya hospitali. Siri ziliandikwa kwa mafumbo, mwizi akizinasa asiambulie kitu. Siku moja ikajulikana kwamba programu ya mafumbo ina tundu, na mjuzi anaweza kuchungulia. Mganga mkuu akasema, "Atakayeliziba, ufunguo wa chumba cha seva ni wake, na ukuu wa kitengo cha kompyuta juu yake."

Fundi Nasra akaleta sasisho, yaani programu mpya isiyo na tundu, akaliingiza, akatangaza, "Tumemaliza." Watu wakapumua.

Mwenzake Shekue hakupumua. Yeye haamini mpaka ashike. Bila kumwomba mtu ruhusa, akajifanya mwizi, akaichokoa seva. Ikavuja. Kilichovuja kikamtia baridi: jina la Bi Mwanatumu wa mapokezi, na ugonjwa aliowaficha hata wanawe. Shekue akaona haya, akafunga kompyuta upesi. Lakini macho hayana pazia.

Akamwendea Nasra. "Dada, seva bado inavuja. Sasisho limeingia, ila seva haijazimwa ikawashwa upya. Inayofanya kazi bado ni programu ya zamani."

"Nizime na foleni ile ya wagonjwa? Hapa seva haizimwi, unajua."

Bi Mwanatumu akawasikia. Hakuuliza kilichovuja ni cha nani. "Zimeni, wanangu. Foleni niachieni mimi."

Nasra akaizima. Bi Mwanatumu akasimama dirishani, akatukanwa na waliochoka kungoja, akaandikisha wagonjwa kwa mkono mpaka seva ikawaka. Shekue akajaribu kuiba tena, akatoka mikono mitupu. Moyo ukamtulia.

Wakaenda kwa mganga mkuu.

"Dawa ya tundu niliileta mimi," akasema Nasra. "Bila dawa, kuzima kungefaa nini?"

"Dawa ilikuwa bado chupani," akasema Bi Mwanatumu. "Niliyewezesha inyweke ni mimi, na matusi nikayanywa mimi."

"Bila mimi," akasema Shekue, "mngelala mlango wazi mkidhani mmefunga."

"Ulijuaje kwamba uko wazi?" akauliza mganga mkuu.

Shekue akainamisha kichwa. "Niliingia. Nikaona siri ya mtu."

"Basi ufunguo apewe aliyevunja mlango?" akasema Nasra.

Shekue akamtupia jicho Bi Mwanatumu, kisha akalikwepesha. Bi Mwanatumu akaliona, akajua siri ile ilikuwa ya nani.

Mganga mkuu bado ameushika ufunguo. Nanyi mnaonisikiliza, siri zenu zimo mlemle. Je, ungekuwa mikononi mwenu, mngempa nani?