Bakuli la Tatu

"Akaaye mbele ndiye aagaye." Mmenisikia nikimnong'oneza mwenyekiti wa kamati yenu ya harusi, mkacheka, na sasa mnataka kujua nimeitoa wapi. Methali hii ilianza hivi, na ilianza na mimi mwenyewe, Ambakisye, enzi hizo magoti yangu yakiwa mazima.

Tulialikwa Japani, wakulima watano wa chai, mimi mwenyekiti wao. Siku ya mwisho, Alhamisi, tukapelekwa kunywa chai ya heshima kwa bibi mmoja, Hisako. Roho yangu ilikuwa juu. Treni ya kwenda uwanja wa ndege ilikuwa ya saa tisa, na Jumamosi binti yangu Tusekile alikuwa anaolewa Tukuyu. Nilimwahidi kwamba nitamshika mkono mimi mwenyewe hadi madhabahuni.

Mlangoni mkalimani wetu, Kenta, akauliza, "Nani atakaa mbele? Ana kazi yake, nimweleze."

"Mwenyekiti ni mimi. Tuingie, bwana, saa inakwenda!"

Tukapiga magoti mkekani, mimi kichwani, Kenta mkiani. Bibi akapangusa kijiko kilichokuwa safi. Akakipangusa tena! Akakoroga unga wa chai ya kijani kwa kifagio kidogo cha mianzi, taratibu, kana kwamba treni hazijavumbuliwa. Nikanywa, wenzangu wakanywa. Nikamshukuru Mungu.

Bibi akasuuza bakuli, akanitazama. Nikanyamaza. Mama alinifunza kwamba mgeni haagi kabla mwenyeji hajamaliza kumkirimu. Basi akanikorogea la pili, na mzunguko ukaanza upya. Kule mwisho Kenta akakohoa. Nikadhani ana mafua.

Lilipokuja bakuli la tatu miguu ilikuwa imekufa ganzi na saa tisa imekaribia. Uvumilivu ukanishinda. "Kenta, muulize bibi, tumemkosea nini? Mbona hatuachii?"

Kenta akatafsiri. Bibi akaweka kijiko chini, uso umemshuka. "Nilikuwa namngoja yeye. Aliyekaa mbele ndiye huniambia nifunge. Bila neno lake siwezi kumnyima mgeni chai, na unga umebaki wa bakuli moja tu."

"Na wewe Kenta ukanyamaza?"

"Nilitaka kukueleza mlangoni, mzee."

Nikainuka, nikaanguka. Treni tuliiona mgongo, na ndege ikatuacha. Jumamosi Tusekile alishikwa mkono na mjomba wake, nami niko kwenye kiti cha uwanja wa ndege, nalia bila aibu.

Nilipofika nyumbani hakunilaumu. Alinimiminia chai, akasema, "Baba, ukitosheka useme." Chai ile ilikuwa chungu, na sukari ilikuwemo.

Leo tunapanga harusi ya binti yake Tusekile. Ajenda zimekwisha tangu saa sita, nanyi mnachezesha miguu, mnamtazama mwenyekiti, naye anawatazama ninyi. Haya, mwenyekiti, watoto wamechoka. Akaaye mbele ndiye aagaye.