Masika Yaliyopotea Ndani ya Jumla

"Anayejumlisha misimu haoni masika." Mmeisikia leo kwa mwalimu wenu, na sasa hamnipi nafasi hata ya kumaliza chai. Haya, wajukuu zangu, sikilizeni. Methali hii ilizaliwa juu ya paa la idara ya fizikia, katika chuo kimoja cha bara.

Alikuwapo mwanafunzi, Atupele, aliyechunguza mioyo ya galaksi za mbali. Katika moyo wa kila moja mlikuwa na shimo jeusi linalomeza gesi, na gesi hiyo kabla ya kumezwa hutoa eksirei, mwanga usioonekana kwa macho. Atupele alidai kwamba hata mioyo iliyo hafifu kabisa hung'aa na kufifia mwaka hadi mwaka.

Darubini ya angani ilikuwa imeipiga picha miaka minne mfululizo. Lakini mioyo hafifu ni bahili, picha moja huleta chembe chache tu za mwanga. Ndiyo maana desturi ya idara ilikuwa kujumlisha picha zote kuwa moja kabla ya kupima. Atupele naye akajumlisha. Kila galaksi ikampa namba moja, na namba moja haipandi wala haishuki.

Profesa Lyimo akamwambia, "Hadi Ijumaa unionyeshe mabadiliko. La sivyo, tubadilishe mada." Miaka mitatu ya kazi ilikuwa inakwenda na maji. Atupele akapanda paani alie peke yake.

Huko akamkuta Bi Mkamburi, mpima mvua, ameshika daftari lake.

"Mwanangu, mbona macho mekundu?"

"Shikamoo, Bi." Akamweleza yote.

Bi Mkamburi akacheka. "Mwaka jana tulipata milimita mia nane. Zigawe kwa siku za mwaka, ni manyunyu ya milimita mbili tu kwa siku. Sasa lile daraja letu lililosombwa Aprili, lilichukuliwa na manyunyu?"

"Lakini chembe zenyewe ni chache, Bi. Nikizitenganisha hakibaki kitu."

"Umejaribu?"

 Atupele hakuwa amejaribu, wala yeyote idarani.

Akashuka mbio. Akapima kila mwaka peke yake. Galaksi ya kwanza ilimpa chembe hamsini na mbili, kisha kumi na moja, kisha tisa, kisha thelathini na nane. Nyingine nyingi zilikuwa hivyo hivyo.

Ijumaa Profesa alikunja uso. "Huenda darubini ndiyo iliyochoka."

"Nimepima pia nyota tulivu katika picha zilezile, Profesa. Mwanga wake haukubadilika."

Profesa akazikagua namba zote moja moja. Hatimaye akavua miwani. "Basi kaandike, binti. Mada yako inabaki."

Atupele alishusha pumzi ndefu, akacheka huku machozi yakimtoka. Mzigo ulikuwa umetua.

Mwaka uliofuata, mwanafunzi mgeni alipoanza kurundika picha zake pamoja, ni Profesa mwenyewe aliyemshika mkono. "Panda kwanza paani kwa Bi Mkamburi," alimwambia. "Anayejumlisha misimu haoni masika."