Kiranja wa Mtaro

Zamani wanyama walipokuwa wakienda shule, na msiniulize walivaa sare gani, kiangazi kikali kililipiga Bonde la Mikwaju. Mto ukakauka, nyasi zikaungua. Shule ya bondeni ikabaki na tangi moja tu lililochimbwa ardhini, nalo lilikuwa limebakiza maji ya kulamba.

Tangi lile lilitegemea mvua. Maji yaliteremka kilimani, yakaingia kwenye mtaro uliopita nyuma ya madarasa, na mtaro ukayapeleka tangini. Njia nyingine haikuwepo.

Mwalimu Mkuu alikuwa Simba, na kwa majivuno hakuwa na mpinzani. Asubuhi moja alisimama barazani, akatikisa manyoya ya shingo, akanguruma, "Mvua ya kwanza ikinyesha na tangi lisijae, shule naifunga! Kila mmoja arudi kwao!"

Wanafunzi wakatazamana. Jambo hilo lilikuwa zito, maana Simba alikuwa ameapa kutomla mwanafunzi yeyote ndani ya uzio. Nje ya uzio hakuapa chochote. "Humu ndani mimi ni mwalimu," alipenda kusema. "Nje nina tumbo kama wengine."

Aliyetetemeka kuliko wote ni Digidigi, msichana wa darasa la saba, mwenye miguu kama vijiti vya kiberiti. Kwao hakuna aliyewahi kufika darasa hilo. Baadhi ya ndugu zake waliacha shule, na wengine waliliwa wakati wa likizo.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Je, tukiutunza mtaro, tangi litajaa?"

"Marahaba. Utunzeni. Kazi yangu mimi ni kukagua."

Sasa, shule ile ilikuwa na desturi yake. Kila asubuhi kila darasa lilifagia eneo lake, kisha likazibeba taka kichwani hadi shimoni, ng'ambo ya kilima. Na eneo ndilo lilikuwa kila kitu! Ukimaliza lako, umemaliza. Jani lako likipeperuka hadi kwa jirani, pole yake. Walifagia kwa bidii hiyo hadi shule nzima ikawa chafu kwenye mipaka.

Mtaro tu ndio haukuwa eneo la mtu. Sungura, kiranja wa mazingira, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mtaro niachieni mimi. Peke yangu."

"Wote?" Simba akashangaa.

"Wote. Uongozi ni kujitolea."

Wakampigia makofi hadi vumbi likatimka. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtaro usio na maji hauna cha kufagiliwa. Sungura alikumbuka.

Haikupita wiki, akawakuta wenzake wanapanda kilima na mizigo yao, ndimi nje.

"Poleni jamani! Mnajiua na jua lote hili? Tupeni mtaroni. Jioni nitazoa mimi, nipeleke shimoni. Ninyi mnipe tu kijiko kimoja kimoja cha makande, kinitie nguvu."

"Kijiko kimoja tu?" aliuliza Kima.

"Kimoja tu. Mimi sina tamaa. Kwani mimi Fisi?"

Fisi alikuwa amesimama palepale, lakini hakuudhika. Alikuwa akipiga hesabu ya vijiko.

Taka zikamwagwa mtaroni. Saa ya chakula Sungura alipita na bakuli, akarudi nalo limefurika. Jioni alimvuta Fisi pembeni.

"Ndugu yangu, mle mtaroni kuna karamu. Ingia, kula chochote utakachokiona."

"Bure?"

"Bure kabisa."

"Kuna mwingine anayejua?"

"Wewe tu, kwa sababu nakupenda."

Maskini Fisi, machozi yalimlengalenga. Akala maganda, akala kandambili, akala fagio zilizokwisha na mpini wa jembe. Asichokiweza, Sungura alikifunika kwa majani makavu, akayasawazisha vizuri. Ukitazama kwa mbali, ungesema pamedekiwa.

Simba naye alikuwa akikagua kutoka barazani, maana huko nyuma kulikuwa na vumbi na yeye alikuwa na manyoya.

"Mtaro vipi, kiranja?"

"Unang'aa, Mwalimu. Ukienda utajiona uso."

"Uso wangu naujua," akajibu Simba, akarudi ofisini.

Siku moja Digidigi alipita nyuma ya madarasa. Akaona majani yamevimba. Akakanyaga kidogo, mguu ukazama hadi gotini kwenye magunzi ya mahindi.

"Kaka Sungura! Mbona mtaro umejaa?"

"Umejaa usafi."

"Usafi gani wenye magunzi?"

"Dada, eneo lako liko wapi?"

"Mbele ya ofisi."

"Na hapa umefuata nini? Unaniingilia kazi!"

Digidigi akainamisha kichwa. Alikuwa na hofu, ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba naye alikuwa akitoa kijiko chake kila siku, na miguu yake ilikuwa imeshasahau kile kilima. Akasema, "Samahani, kaka," akaenda zake. Wewe msomaji usimcheke. Wangapi wamenyamaza kwa bei hiyohiyo?

Sungura hakulaza damu. Alikwenda ofisini, akatoka na amri mpya: ni marufuku mwanafunzi kugusa eneo la mwenzake. Simba alipenda sana amri, hasa zile ambazo hazikumhitaji yeye kuinuka kitini.

Kisha mvua ikaja. Ilikuja saa ya makande, kwa kishindo. Wanafunzi wakaacha mabakuli, wakacheza uwanjani wakiimba, na Digidigi akaruka juu kuliko wote. Maji yakateremka kilimani mekundu, yakaingia mtaroni. Wote wakakimbilia mdomo wa tangi kuyapokea.

Wakangoja. Mdomo wa tangi ulikuwa mkavu.

Maji yalikuwa yamefika kwenye yale majani, yakasimama, yakapanda, yakageuza njia. Yalikokwenda ni ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Loo! Simba alitoka mbio, manyoya yamemganda shingoni. Simba aliyelowa hana tofauti kubwa na paka wa jikoni.

"Kiranja!" alinguruma. "Huku ndiko kung'aa?"

"Ni Fisi, Mwalimu! Ndiye anayeshinda mtaroni!"

"Mimi?" Fisi alikuja juu. "Mimi nimekula nusu ya taka za shule hii! Bila mimi mngekuwa mmeshafurika bila hata mvua!"

Wakaanza kuzozana, huyu eneo si langu, yule kazi si yangu, na maji yanapita pembeni yakienda zake porini. Digidigi aliyatazama yale maji. Akautazama uzio. Akamtazama Simba, meno yake yakiwa wazi kwa hasira. Akajitosa mtaroni.

"We! Toka!" Sungura alifoka. "Hilo ni eneo la mwenyewe! Kuna amri!"

"Amri haitanifufua nikiliwa!" alijibu Digidigi, analia na huku anachimbua. Akainua gunzi. "Hili nililitupa mimi. Hili pia langu. Jamani, na ninyi njooni mchukue ya kwenu!"

Kima akaona maganda yake ya ndizi, akaona aibu, akaingia. Ngiri akaingia, Pofu akaingia, darasa baada ya darasa, hadi mtaro wote ukawa migongo mitupu. Simba naye, kwa kuwa alikuwa ameshalowa na hakuwa na heshima nyingine ya kupoteza, akatia mkono kwenye tope. Akaibuka na mfupa mkubwa ambao hata Fisi alikuwa ameushindwa.

Hakuna aliyetaka kuuliza ulikuwa mfupa wa nani.

"Ni wangu," alisema Simba kwa sauti ndogo. "Niliutupa mimi."

Tope likaachia. Maji yakapita kwa nguvu, yakaingia tangini, na kabla mvua haijakatika tangi lilikuwa limejaa hadi juu. Digidigi aliketi kwenye matope, akacheka hadi akakosa pumzi.

Mvua ilipokwisha, kila mmoja alibeba taka alizozitambua, akapanda nazo kilimani. Likabaki rundo kubwa lililooza, ambalo halikutambulika tena. Macho yote yakamgeukia Sungura.

"Mnanitazama nini? Mimi sikutupa hata ganda moja!"

"Ni kweli kabisa," alisema Digidigi. "Hukutupa. Ulilipwa uzoe. Makande yetu yako wapi, kaka?"

Sungura akajaribu kuvuta tumbo ndani. Halikuvutika.

"Kiranja," aliuliza Simba taratibu, "mtaro ni eneo la nani?"

"Ni... langu, Mwalimu."

"Na ile amri uliyoniomba inasemaje?"

"Ni marufuku... kugusa eneo la mwenzako."

"Kuanzia kesho mtaro ni wa wote, nami nitakuwa na kipande changu. Lakini kwa leo amri ni amri. Hatutakuingilia kazi."

Sungura akajitwika tenga la kwanza. Kilima kilikuwa kirefu, tope linateleza, na uchafu ulimchuruzika masikioni, na masikio yenyewe mnayajua yalivyo. Alipanda, akashuka, akapanda tena, huku wenzake wakimpita na mabakuli yao, kila mmoja na vijiko vyake vyote. Nyuma yake alifuata Fisi. Hakuwa akimsaidia, alikuwa akiokota yanayodondoka.

Njia ya mwongo ni fupi.