Chozi Aliyeogopa Kuzamisha Kichwa

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo, tupe!"

Hapo kale, juu mlimani, kwenye msitu wa baridi na ukungu, aliishi ndege Chozi na mkewe. Chakula chao kilikuwa maji matamu ya ua jekundu, refu, jembamba. Ili kuyanywa, Chozi alizamisha kichwa mpaka macho yakafunikwa. Akitoka, paji la uso limejaa unga wa manjano. Akiufikisha unga huo kwenye mmea mwingine, ua la huko huzaa mbegu.

Siku moja mkewe alizamisha kichwa. Hakuona kivuli. Kipanga akashuka, vup! Chozi akabaki na binti mmoja, Kidawa, na manyoya mawili yakielea hewani.

Tangu hapo Chozi akawa mtu wa kutetemeka. Akawa analitoboa ua ubavuni, ananywa macho yakiwa angani.

"Baba Kidawa," mmea ukalia, "pita mlangoni! Usiponibebea unga, sizai."

"Siwezi. Kipanga yuko."

Mwaka wa kwanza maua yakadondoka bila mbegu. Mwaka wa pili yakadondoka bila mbegu. Mwaka wa tatu barafu ikaua mimea mikongwe, na miche haikuwepo. Ikabaki mimea miwili: mmoja huku, mmoja ng'ambo ya bonde.

Kidawa akakonda, sauti ikawa uzi.

"Baba, njaa itaniua kabla ya Kipanga. Wewe zamisha kichwa, mimi nitatazama juu."

Chozi akazamisha. Giza. Moyo du! du! du!

"Baba, toka!"

Akachomoka. Makucha yakaambulia mkia. Akavuka bonde bila mkia, akiyumba, pumzi ya Kipanga ikimchoma mgongoni. Akajitosa kwenye ukungu, akapapasa, akapapasa, akalipata ua la ng'ambo, akazama ndani na unga wake. Hapo akatulia, akisikia mabawa yakizunguka, yakizunguka, mpaka yakaenda zake.

Ua lile likazaa mbegu. Mvua ilipokuja, miche ikajaa bondeni.

Je, Chozi aliacha kuogopa? Hakuacha hata siku moja. Ila tangu hapo mmoja akinywa, mwenzake hulinda.

Basi jueni, wanangu: kuogopa si kosa. Kosa ni kumtoboa anayekulisha kwa sababu unaogopa.

Hadithi imeshuka mlima, aliyeisikia aibebe.