Kalunguyeye na Dalili za Mvamizi

"Nina kisa!"

"Kilete!"

"Kina miiba!"

"Kilete hivyo hivyo!"

Basi, moto uliteketeza msitu wa ng'ambo ya kijito. Bi Kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba mgongoni, akavuka na wanawe watatu, chubwi, chubwi, chubwi. Akafika kijiji cha wanyama, akapiga hodi mara tatu. Mzee Kanga, mkuu wa kijiji, akasema karibu, akampa kibuyu cha maji. Ndiyo desturi yao: mgeni hunywa kwanza, huulizwa baadaye.

Fisi, mkuu wa ulinzi, akaja mbio. "Mnampa maji kabla ya kumkagua? Hamwoni ana silaha mgongoni?"

Asubuhi Fisi alisema wamevuka wanne. Mchana akasema arobaini. Jioni akasema jeshi. Kila akisema, wanyama wakatetemeka, wakampa kikapu cha samaki wakavu, posho ya ulinzi. Fisi akala, ngwa! ngwa! Hofu ya kijiji kizima, kitambi cha mtu mmoja.

Kesho yake ukaitishwa mkutano: Kalunguyeye na wanawe wabaki, au warudishwe motoni? Kitinda mimba wake alikuwa bado na majivu puani.

"Ndugu wananchi," akasema Fisi, "hali ya usalama ni tete!"

Kalunguyeye akaomba nafasi. "Mheshimiwa, mimi nakuunga mkono. Mvamizi yupo. Ila bila dalili tutamjuaje? Napendekeza, kila dalili utakayoithibitisha, uongezewe kikapu."

Fisi akameza mate. "Haya, sema."

"Ana taya za kuvunja mifupa?"

"Naam! Kikapu!"

"Mgongo wake umeshuka nyuma?"

"Naam! Kikapu!"

"Hucheka peke yake?"

"Naam, naam! Hi-hi-hii! Kikapu!"

"Na huingia kwa watu bila hodi?"

"Huyo huyo! Kikapu!"

Mbuzi, karani wa kijiji, akaandika zote. Wakapiga kura: mwenye dalili hizo atimuliwe ng'ambo, wengine wote wabaki. Fisi ndiye aliyenyoosha mkono juu kuliko wote.

Adhuhuri, watu wamejilaza, Fisi akashindwa kungoja vikapu vyake. Akaenda ghalani, akasukuma mlango, kwiii! Hakupiga hodi. Tangu azaliwe hajawahi kupiga hodi.

"Mvamizi!" akapiga kelele Kalunguyeye, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango.

Wanyama wakatoka na michi. Mbuzi akafungua orodha. "Taya?"

"Zipo!"

"Mgongo?"

"Umeshuka!"

"Hodi?"

"Hatukuisikia!"

"Jamani, ni mimi, mlinzi wenu!" akasema Fisi, na kwa woga akacheka, hi-hi-hii!

"Na kicheko kipo," akasema Mbuzi, akaweka alama.

Pu! Pu! Pu! Mpaka ng'ambo ya kijito, kwenye majivu.

Huko, kwa mara ya kwanza maishani, Fisi akapiga hodi.

"Nani mwenzangu?" akauliza Mzee Kanga. "Unatoka wapi?"

"Natoka hapo hapo mlipo!"

"Ombi limepokelewa," akasema Kanga. "Litajadiliwa."

Mpaka leo linajadiliwa.

Funzo lenu, wanangu: mkimwona mwenye miiba anakimbia moto, mwogopeni sana. Mwenye meno akija kuwahesabia wageni, mpeni samaki, mkalale.

Kisa changu kimepiga hodi mara tatu. Mkisema karibu, ni chenu. Mkinyamaza, narudi nacho kwetu.