Kisu Kilicholala Kwenye Mtungi wa Baridi

Sogeeni, na mwenye kukohoa akohoe sasa. Leo sina zimwi wala sungura. Nina kesi, na waamuzi ni ninyi. Nawaonya mapema: kila nilipoisimulia, watu waliokuja wameshikana mikono waliondoka kila mmoja na njia yake.

Kule Rungwe, kwenye mvua isiyojua kuchoka na ng'ombe wa maziwa kila boma, waliishi marafiki watatu walioshibana. Ukimkuta mmoja, uliwauliza wengine wako wapi.

Wa kwanza ni Ambakisye, mhunzi. Kipaji chake kilikuwa mkono. Mpe beringi la lori lililokufa, duara gumu ambalo wengine hulitupa, naye atalipiga nyundo mpaka linyooke, linenepe mgongoni na kuwa jembamba kwenye makali, bila kupima kwa kitu chochote. Watu walisema nyundo yake ina macho. Yeye alikuwa akisikia hivyo anatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa refu kidogo kuliko inavyopasa.

Wa pili ni Tumpe, mwanamke wa maneno machache, na kipaji chake kilikuwa jicho. Chuma kikiwa motoni hubadilika rangi, na ipo rangi moja tu ambayo ukikitoa hapo ukakizamisha kwenye mafuta, kinakuwa kigumu. Ukiwahi, kinabaki laini. Ukichelewa, umekiharibu. Tumpe aliijua rangi hiyo kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Alifanya kazi mlango umefungwa, maana kwenye giza chuma hakimdanganyi mtu. Baada ya mafuta alikirudishia moto mdogo, ili ugumu usije ukakivunja kama kigae.

Wa tatu ni Lugano, na huyu hakujua nyundo wala moto. Alikuwa mhimilishaji wa ng'ombe. Kipaji chake kilikuwa baridi. Alizunguka na mtungi wa naitrojeni, maji yanayofuka moshi mweupe kwa ubaridi, ambamo mbegu za madume hulala hai mwaka nenda mwaka rudi. Aliingia zizini na mrija wake, akaondoka, na baada ya miezi ndama akazaliwa. Wafugaji walimwita Baba Ndama, na hakuna nyumba aliyopita akanyimwa kikombe cha maziwa.

Sasa sikilizeni. Palijengwa machinjio mapya, na langoni pana chumba kimoja chenye umeme, cha kutengenezea na kunolea visu. Mchinjaji mkuu, Mzee Swedi, akatangaza sokoni:

"Nataka kisu kitakachofanya kazi siku nzima ya mnada, tangu mnyama wa kwanza hadi wa mwisho, bila kugusa jiwe la kunolea. Mnyama asiteswe kwa kisu butu, maana hilo nitaulizwa mimi, hamtaulizwa ninyi. Atakayekileta, chumba ni chake. Lakini awe mtu mmoja. Kisu kikinisaliti, nataka niwe na mtu mmoja wa kumwita, siyo ukoo."

Marafiki wakaenda kwenye karakana ya Ambakisye kushauriana. Wakakubaliana hivi: Ambakisye atatajwa mbele ya Mzee Swedi, kwa kuwa mhunzi ndiye anayejulikana, lakini siku ya kukabidhiwa atasema wazi kwamba kisu ni cha watatu, na chumbani watafanya kazi wote. Wakaweka viganja juu ya fuawe, kile chuma kizito anachofulia Ambakisye juu yake, kimoja juu ya kingine. Kwa wahunzi wa pale hicho ndicho kiapo. Aliyeweka kiganja haulizwi tena kama atalitimiza neno lake.

Taabu ikawa moja. Visu vyao vilikuwa vizuri, ila mchana ukifika vinachoka. Ndipo Lugano akasema:

"Kwenye semina moja niliwahi kusikia neno. Chuma ukikizamisha kwenye mafuta, hakiwi kigumu chote. Kuna sehemu ndani inabaki imesinzia. Baridi kali inaiamsha."

Tumpe akamtazama. "Kaka yangu, chuma ni mtoto wa moto. Hiyo baridi wapelekee ng'ombe wako."

"Tujaribu, dada. Ukikitoa kwenye mafuta nipe mimi kwanza, kisha nikurudishie umalizie kwa moto wako mdogo."

Ambakisye akacheka. "Tujaribu. Hasara iko wapi?"

Hasara ilikuwepo, ndugu zangu, na ilikuwa ya mtu mmoja. Naitrojeni ukiitumbukizia chuma huchemka na kupaa, na gari la kuongezea mtungi halikuwa likipanda milima ile kila siku. Lugano alijua. Alizamisha kisu taratibu, moshi ukamfunika mpaka kifuani, na alipokichomoa mtungi ulikuwa umeshuka sana. Kabla gari halijafika, mbegu zikafa. Ng'ombe wa wafugaji wakapandikizwa mbegu maiti, wenyewe wasijue. Majike yakarudia kutaka dume, mimba hazikushika, na chama cha wafugaji kikamnyang'anya mtungi. Baba Ndama akawa hapewi tena hata maji. Alipoulizwa na rafiki zake alisema tu, "Tukipata chumba nitakuwa na pa kusimama."

Siku ya mnada ikafika. Visu vya mafundi wengine vikachoka kimoja baada ya kingine. Cha kina Ambakisye kilifanya kazi hadi mnyama wa mwisho, na Mzee Swedi alipokipitisha mkononi, vinyweleo vilianguka. Akakifuta kwa kitambaa, akakiinua juani, akasoma karibu na mpini: AMBAKISYE.

"Ambakisye ni nani?"

"Mimi, mzee."

"Umekitengeneza wewe?"

Hapa ndipo mtu alipotakiwa kusema lile neno la kwenye fuawe. Ambakisye akasema, "Mimi, mzee."

Lugano akadhani hakusikia vizuri. Akasogea, akaomba kisu, akapitisha kidole juu ya zile herufi. Zilikuwa zimezama ndani ya chuma. Akasema polepole:

"Chapa haipigwi kwenye chuma kilichokwisha kuwa kigumu. Hupigwa kingali laini, kabla ya mafuta. Ambakisye, jina hili lilikuwepo tayari nilipokishika kwa koleo. Kilikuwa cheusi kwa masizi, sikuliona. Kumbe mbegu za watu nilizitoa kafara kwa jina lako, kwa mkono wangu mwenyewe."

Mimi hapo huwa naumia, nisiwafiche. Mtu akikugeuka kwa hasira ya leo, kesho inaweza kupoa. Lakini huyu alipanga kabla moto haujawashwa, halafu akaja kula ugali na wenzake.

Ambakisye akajitetea, na uso wake haukuwa na aibu. "Mzee alitaka mtu mmoja. Ningepiga chapa ya kijiji kizima? Na kama unataka ukweli, Lugano, kisu hiki hakijaonja baridi yako. Nilifua viwili kutoka beringi moja. Tulivitia moto siku moja, tukavizamisha kwenye mafuta yale yale. Kimoja tulikupa wewe, kingine tulikificha. Nilimwambia Tumpe atie mpini kwenye kile kisichoingia mtungini. Ndicho hicho. Kwa hiyo sikukudhulumu kitu."

Lugano akamgeukia Tumpe. "Na wewe dada ulijua kuna kisu cha pili?"

"Nilijua," Tumpe akasema. "Nilitaka kuona kama baridi yako ni kitu au ni hadithi. Nikavijaribu vyote viwili kwenye kamba ya katani, peke yangu. Kile kisicholala kwenye mtungi kilichoka mapema. Kile cha mtungi kiliendelea kukata. Basi mpini nikautia kwenye cha mtungi, nikampa Ambakisye, sikumwambia." Akamtazama mhunzi. "Kisu alichoshika mzee kililala kwenye baridi. Wewe ulimgeuka Lugano, na mimi nikakugeuka wewe."

Watu wakaanza kushangilia upande wa Lugano. Subirini, msishangilie. Tumpe alikuwa hajamaliza.

"Lakini siku ile niliharibu. Lugano alisema moshi wa mtungi ukijaa karakanani utafukuza hewa tunayovuta, akafungua mlango kabla sijaanza, akaenda nje kuandaa mtungi wake. Mwanga ukaingia. Juani chuma huonekana kimepoa kumbe kimezidi. Vyote viwili niliviunguza, nikanyamaza. Chuma kikizidi moto, kinakuwa na usingizi mwingi ndani. Ndiyo maana baridi ilisaidia. Ningekuwa na giza langu, labda kisingehitaji mtungi wa mtu."

"Umesikia!" Ambakisye akadakia. "Baridi ilitibu jeraha ililolileta yenyewe. Mlango ulifunguliwa kwa sababu ya mtungi. Hiyo ni dawa au ni ugonjwa?"

"Visu vyenu vya zamani mlivitia moto mlango umefungwa," Lugano akajibu, "na kila siku vilichoka mchana. Sema leo ni kipi kilimaliza mnada."

"Labda cha beringi hili, kikitiwa moto gizani bila mtungi, kingemaliza pia, maana chuma chake ni kizuri kuliko vyote tulivyowahi kufua," Tumpe akasema. "Hakuna anayejua. Hatukutengeneza cha tatu."

Mzee Swedi alikuwa amesimama na ufunguo wa chumba mkononi. Akasema, "Mmoja alifua, bila yeye hakuna kisu, naye ni msaliti. Mmoja alitia moto, bila yeye kisu kingevunjika, naye amewaficha wenzake wote wawili. Mmoja alileta baridi, na amepoteza kazi yake kwa ajili yenu, lakini kuna wafugaji huko milimani waliokosa ndama, nao hakuwaambia kwamba mbegu zimekufa." Akatikisa kichwa. "Nilitaka mtu mmoja wa kumwita. Nimwite nani hapa nimwamini?"

Wala usiniambie wagawane. Viganja vyao viliwekwa pamoja mara moja, mmeona vilivyoishia. Usiniambie pia chumba kibaki kitupu, maana kesho kuna wanyama, na kisu butu hakiwaumizi hawa watatu, kinamuumiza asiye na mdomo wa kusema.

Basi mzee amenyoosha ufunguo, na mikono mitatu iko mbele yake: ule wenye nyundo, ule wenye moto, na ule wa Lugano, ambao haushiki kitu tena. Wewe uliyekaa hapo, ufunguo sasa uko kwako. Unauweka kwenye mkono upi, na wale wawili waliobaki utawatazamaje usoni?