Kidevu Kilichonyolewa kwa Maneno

Hapo zamani, miji ilipokuwa na masultani na kila sultani na lake limshughulishalo, palikuwa na Sultani Shaame aliyependa elimu kuliko chakula. Akajenga chuo kikubwa, akamweka Mwalimu Mahfudhi kuwa mkuu wake, kisha akapiga mbiu: mtu asifanye kazi yoyote mjini mpaka asome chuoni miaka saba apate hati.

Basi kinyozi mmoja fukara, jina lake Vuai, akakosa riziki. Alianza kunyoa watu kabla ndevu zake mwenyewe hazijaota, lakini hati hakuwa nayo. Siku moja akamnyoa jirani yake aliyekuwa akienda kuposa, akakamatwa, akapelekwa mbele ya Sultani.

"Ewe kinyozi," akasema Sultani, "umevunja amri. Mwalimu Mahfudhi anasema kazi yako yote imo katika maneno, mkono hufuata tu. Basi kesho wafundishe wanafunzi wa mwaka wa saba kunyoa, kwa maneno matupu. Wembe usiingie chuoni. Wasipofaulu, utauhama mji huu."

"Nimesikia, Maulana, na nimetii," akajibu Vuai, ingawa mkewe alikuwa mjamzito na hawakuwa na pa kwenda.

Ikawa asubuhi akawafundisha kulowesha ndevu, kunoa wembe, kuvuta ngozi na kufuata nywele zilikolala. Adhuhuri Sultani akaja na Mwalimu Mahfudhi, akawauliza wanafunzi. Wakajibu wote bila kukosea hata neno.

"Wamefaulu," akasema Sultani.

"Alhamdulillahi," akasema Vuai. "Sasa, Maulana, kesho ni Idi nawe hujanyolewa. Wembe wangu nimeuacha nje ya mlango, kama ulivyoamuru. Tafadhali toka, umchague mmoja wao akunyoe."

Sultani akatoka, akaketi. Akaitwa mwanafunzi aliyewapita wote, akaushika wembe kama ashikavyo kalamu.

"Umepata kunyoa watu wangapi?" akauliza Sultani, huku akijishika koo.

"Kwa mdomo, Maulana, mamia. Kwa wembe, wewe ndiwe wa kwanza."

"Uweke chini, mwanangu. Taratibu."

Vuai akainama. "Basi na wakunyoe kama walivyofundishwa." Akawaashiria wanafunzi, nao wakalisoma somo lote kwa sauti moja, tangu maji hadi marashi. Walipokwisha, akampa Sultani kioo. "Tayari, Maulana. Kidevu kimetakata."

Sultani akajitazama, akaona ndevu zake zote zipo pale pale. Akacheka hata kilemba kikamwenda upande. Papo hapo akamfanya Vuai mwalimu wa chuo, na wembe ukapewa ruhusa ya kuingia.

"Lakini, Maulana," akauliza Vuai, "watajifunzia kichwa cha nani?"

Sultani akamgeukia Mwalimu Mahfudhi. "Anayetoa hati ndiye atakayetoa kichwa."

Basi Idi ile Mwalimu Mahfudhi akaswali na vipande vitano vya pamba kichwani, na kila aliyemuuliza akamjibu kwa upole kwamba somo la wembe lina mambo ambayo yeye bado hajayasoma.